Katikati Ni pa Watu

Ofisini tulimwita Rangi. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Kazi yake hapa maktaba ni kuchora: mabango ya mlangoni, vibao vya kuelekeza watu chooni, na vitambulisho vyetu, ambavyo kila mmoja analalamika kwamba katolewa vibaya. Ukimwuliza kama shati lako ni la bluu au la kijani, usitegemee jibu fupi. Atakupeleka dirishani kwanza.

Mimi niko kaunta ya kuazima vitabu, na meza yake iko nyuma yangu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mengi niliyaona kwa macho, na yaliyobaki niliyasikia akiyasema huku kauma meno.

Yalianza Mkurugenzi aliporudi safari. Kompyuta za wasomaji, zile zilizopangwa ukutani karibu na magazeti, ukiziwasha zilikuwa zinakuonyesha ziwa na milima ya theluji, picha iliyokuja nazo kutoka kiwandani. Mkurugenzi akasema ni aibu, mtu anakuja maktaba ya kwao halafu anakaribishwa na theluji. Akamwagiza Rangi azitengenezee sura mpya: picha ya nyuma, rangi, na vile vialama vya kubonyeza, vyote vionyeshe utamaduni wetu. Kwa mara ya kwanza nilikubaliana na Mkurugenzi, na hapo hapo ningepaswa kushtuka.

Rangi alifurahi mpaka chai yake ikapoa. Alishajua anachotaka, nacho kilikuwa mkeka wa mama yake.

Mama huyo amesuka mikeka tangu usichana wake, lakini vidole vimeanza kukakamaa, na ule mkeka Rangi aliotuletea ofisini alisema mwenyewe kwamba ndio wa mwisho. Ulikuwa na rangi ya damu ya mzee, ule wekundu uliokolea, na kijani kilichoiva, nakshi za pembepembe zikifuatana pande zote nne. Katikati hapakuwa na kitu, ukindu mtupu usiochovywa rangi. Nilimtania Rangi kwamba mama alichoka njiani. Akacheka, akasema hata yeye aliuliza hivyo alipokuwa mdogo, akajibiwa kwamba katikati ni pa watu. Urembo unakaa pembeni, mtu anakaa katikati, na ukipajaza napo utakuwa umemkalisha mgeni juu ya kelele.

Kwake yeye kazi ilikuwa imeshajipanga yenyewe. Msomaji ataweka mafaili yake pale katikati, penye rangi ya ukindu, ayaone bila kuhangaika, na nakshi zitamzunguka pembeni. Vialama akavichora kwa mistari ya kupishana kama ukili wa mkeka, na mahali pa pipa la taka akaweka kikapu. Nilipoviona nilitamani kompyuta ya kaunta nayo ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kilichomtoa jasho ni ile damu ya mzee. Kwenye skrini ilitoka kama nyanya. Akiitengeneza ikakubali kwenye kompyuta hii, ya jirani inaigeuza zambarau. Kutwa alikuwa anakwenda dirishani na mkeka begani, anautazama penye mwanga wa jua, anarudi, anapunguza, anaongeza. Nikamwambia aache kujitesa, nani atajua tofauti. Akanijibu kwamba mama atajua. Alikuwa amemwahidi kuwa siku ya uzinduzi atamketisha mbele ya kompyuta, na mkeka wake atauona mle ndani, rangi zilezile. Mama naye hakuwa na siri, mtaa mzima ulishapata habari.

Basi ikaundwa kamati. Sijui nani alitudanganya kwamba kitu kizuri hakiwezi kutoka mpaka kikaliwe kikao. Rangi aliutandika mkeka chumba cha mikutano ili wajumbe waone rangi zenyewe, na Mhasibu akaukanyaga na viatu vyake akienda kuchukua maji. Rangi akauinua, akaupangusa, akaukunja. Shingo ilikuwa imemvimba.

Wakaanza. Mmoja alisema utamaduni hauonekani vizuri. Mwingine akauliza ngoma iko wapi. Mhasibu, yuleyule wa viatu, akataka ngao na mikuki. Mkurugenzi alitazama pale katikati akatikisa kichwa, akasema wageni watadhani kazi haijaisha.

Rangi akaeleza kwa upole, nami niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao najua upole huo ulimgharimu kiasi gani. Alisema hapo ndipo msomaji anapofanyia kazi yake, na ndivyo mikeka inavyosukwa tangu zamani, kwa hiyo huo uwazi wenyewe ndio utamaduni.

Mkurugenzi akatabasamu. "Binti yangu, utamaduni hauwekwi pembeni. Jaza."

Akajaza. Kila kikao kiliongeza kitu na hakuna kilichoondoa. Iliingia ngoma, zikaja ngao na mikuki, chungu, jua linalozama, na mwishowe twiga, ambaye katika kamati nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona isipokuwa pichani. Damu ya mzee ikabadilishwa kuwa nyekundu kali kwa sababu eti inachangamsha. Ukihifadhi barua yako inatua kwenye shingo ya twiga, na kuitafuta ni kazi ya kutoa macho. Mkeka ukabaki kipande, umechungulia chini ya ngoma. Kuna siku nilimkuta Rangi amekaa tu, skrini imezimwa, mikono mapajani. Nilimwuliza kulikoni. Alisema anaona aibu kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe, na aibu hiyo inamkera kuliko kamati.

Siku ya uzinduzi mama alikuja, nguo imepigwa pasi mpaka mistari inasimama. Hakuwa ameambiwa yaliyoupata mkeka wake. Rangi alikosa pa kuanzia, na mimi simlaumu. Akamketisha kwenye kompyuta ya mwisho kwenye safu. Wageni wakapiga makofi, skrini zikawaka. Mama akavaa miwani, akasogea, akaanza kupitisha kidole juu ya kioo polepole.

"Wangu uko wapi?"

Rangi akamwonyesha kile kipande chini ya ngoma. Mama akakitazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye twiga, kwenye mikuki, kwenye lile jua.

"Mbona wamepajaza katikati, mwanangu? Watu watakaa wapi?"

Rangi alikuwa amefura, na safari hii hakujizuia. Mbele ya Mkurugenzi na wageni wake aliinama, akashika kipanya, akafungua kazi yake ya kwanza aliyokuwa ameihifadhi humo, akabonyeza. Twiga akaondoka. Mkeka ukatandikwa skrini nzima, na vialama vyake vikajipanga katikati. Mama akauma mdomo. Akagusa pembe moja, akasema rangi hiyo aliichovya mara mbili, ya kwanza ilikataa kushika. Mkurugenzi alicheka kwa meno tu, maana wageni walikuwa wanatazama.

Kesho yake Rangi alipewa onyo, na fundi wa kompyuta akaamriwa azifunge mashine zote kwa neno la siri ili mtu asibadilishe sura tena. Fundi alifanya alichoambiwa, bila kupunguza wala kuongeza. Alizifunga kama alivyozikuta. Halafu akapata kazi kwingine, akaondoka na neno lake la siri kichwani. Sasa tuna safu nzima ya twiga, na mwishoni mkeka mmoja ambao hata Mkurugenzi hana namna ya kuutoa. Wasomaji wanaigombania kompyuta hiyo. Mafaili yanaonekana.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikakimbia kumweleza Rangi kwamba ameshinda, watu wanapanga foleni kwa ajili ya kazi yake.

Hakucheka. Alikuwa anakata karatasi ya kibao cha choo kwa mkasi, na hakuinua kichwa.

"Dada, nilimwambia mama kwamba baadaye waliona aibu, wakazibadilisha zote. Ningemwambia nini? Hasuki tena, vidole vimegoma. Jumamosi anakuja na majirani zake, kila mmoja akae kwenye kompyuta yake aone." Akauweka mkasi chini. "Hebu niambie wewe, nitawakalisha wapi?"

Nikageuka kuihesabu ile safu ya twiga, na kaunta wasomaji walishaanza kunigongea meza.