Dadu Isiyomhurumia Mtu

Saa tatu asubuhi, Bibi Meno anakoroga chumvi kwenye bilauri ya maji kana kwamba ana ugomvi na kijiko. Anaonja kwa ncha ya ulimi, anakunja uso, anaongeza vijiko viwili. Kisha anatumbukiza dadu nyeusi, kubwa kama limau dogo. Inazama, inaibuka, inaelea. Naye anabana pumzi.

Jina alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza meno bandia, na majirani huapa kwamba mzee mmoja alitengenezewa meno mazuri hata akaoa tena, ili tu apate mtu wa kumchekea. Alipostaafu, mashine ya kung'arishia na vichimbio vyembamba kama sindano vilihamia naye chumba cha uani. Binti yake akamwomba dadu za mchezo wa hadithi.

Mchezo huo huchezwa mezani. Mmoja anasimulia, wenzake wanakuwa mashujaa au wachawi, na kila anayetaka kuruka shimo au kuua joka hutupa dadu ya nyuso ishirini. Ishirini ni ushindi. Moja ni balaa.

"Nilidhani ni utoto," anasema. "Kisha nikaona watu wazima wameikodolea macho dadu inavyobingirika, kama wanaosubiri daktari atoke chumbani. Nikaiheshimu."

Rafuni zimepangwa dadu zinazomfanya mgeni asahau kilichomleta. Moja ina moshi ndani, kama wingu limekamatwa likiwa njiani. Nyingine imebeba unyoya mmoja, na ukiigeuza utadhani unapumua.

Ile ya kwenye bilauri haina pambo la macho, kwa sababu mwenyewe haoni.

Mwenyewe ni fundi redio, aliyepoteza nuru miaka miwili iliyopita. Aliendelea kucheza na wenzake, shemeji yake akimsomea dadu. Siku moja akaanza kuhesabu.

"Miezi mitano sijakosa hata mara moja," anasema, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. "Kila mshale umepata. Kila joka limekufa. Nikajua wananihurumia. Nikaacha kwenda."

Shemeji mwenyewe amesimama kando yake, anachunguza viatu vyake kana kwamba ni vya kuazima.

Kumbe wiki iliyopita alikuja peke yake, akamnong'oneza Bibi Meno aiegemeze dadu kidogo, ipende ishirini. Bibi anayasimulia haya mbele yake bila kupepesa. "Nikamwambia, mwanangu, umeshamnyang'anya mwenzio kushindwa. Sasa unataka na mimi nimshike miguu?"

Kazi ikamtoa jasho. Namba zimeandikwa kwa maandishi ya wasioona, kwa nundu za shaba ndogo kuliko punje ya ulezi, na uso wenye nundu nyingi huwa mzito na kushuka chini kila mara. Dadu kumi na moja ziliharibika. Ya kumi na mbili aliipa kila uso punje tano za shaba sawasawa: za kusomwa zimechomoza, nyingine zimezikwa ndani. Punje mia moja, kwa mkono wa mwanamke wa miaka sitini na nane.

Sasa anamwita fundi redio mezani. Anaushika mkono wake, anaupeleka kwenye bilauri: dadu iliyoegemea, ikielea, huleta juu uso uleule. Fundi anaizungusha dadu majini, anaiacha itulie, anausoma kwa kidole uso uliokuja juu. Saba. Tena. Kumi na tisa. Tena. Nne. Mara thelathini, na hakuna uso unaojipendekeza.

"Haiegemei," anasema taratibu.

Anaifuta kwa shati, anaitupa mezani. Inabingirika, inagonga kopo la gundi, inatulia. Shemeji anafungua kinywa.

"Shemeji, nyamaza."

Vidole vinaipapasa meza, vinaifikia, vinatua. Vinasoma mara mbili. Hata mashine utadhani imetega sikio.

"Moja," anasema fundi redio, na uso wake unachanua. "Nimeanguka shimoni. Shemeji, nimeanguka mwenyewe."

Shemeji anajifuta macho kwa kiganja. Anamuuliza kama Jumamosi atarudi mchezoni, na kumwahidi kwamba safari hii hakuna atakayemsomea.

Seti kamili ya mchezo ni dadu saba zenye nyuso tofauti; zimebaki sita, na Bibi Meno anataka azimalize kabla ya siku hiyo. Naye amealikwa mezani. "Nitakwenda," anasema, akimwaga maji ya chumvi uani. "Nikamwone akikosa."