Masikio ya Sebi

Mimi sijui kuogelea. Nalisema mapema ili mtu asije akanidai ushujaa mbele ya safari. Miaka kumi na tisa nimepika kwenye kisiwa ambacho ukirusha jiwe upande huu linaangukia majini upande ule, na maji hayajawahi kunivuka magoti. Bahari naiona kutoka dirisha la jiko. Inanitosha.

Mdogo wangu Eusebio, ambaye kila mtu alimwita Sebi, alikuwa kinyume changu. Nchi kavu ilimshinda tangu utotoni. Kijijini kwetu Hopkins alifukuzwa kwenye mashamba ya machungwa baada ya wiki mbili, kwa kosa la kusinzia amesimama. Akajaribu useremala, akajiponda kidole gumba. Akaoa, na mkewe Isolina, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akimkumbusha kuvaa viatu akienda kanisani. Lakini mtie majini uone! Baba alimfundisha kuzamia kombe kwa pumzi yake mwenyewe, na siku kambi ya wageni ya hapa atolini, kwenye pete hii ya visiwa vya matumbawe, ilipomfunga mtungi wa hewa mgongoni, Sebi akapata kazi aliyozaliwa nayo. Miaka ishirini na sita aliwaongoza wageni kwenye ukuta wa mashariki, pale ambapo matumbawe yanakatika ghafla na chini hakuonekani. Mimi pia ni yeye aliyeniitia kazi hapa. Wageni walikuwa wakija jikoni wamelowa, wananiambia, "Miss Basi, mdogo wako kule chini anatembea kama mwenye nyumba."

Kambi yetu ina ubao wa shughuli uliopakwa rangi mbili. Upande wa buluu ni wa wazamiaji. Upande wa njano ni wa wasiozamia: wake na waume waliokuja kwa ajili ya kulinda ndoa, wenye presha, wenye mimba, na waoga wa aina yangu. Hao hupelekwa kwa kayaki kuchungulia matumbawe ya ndani kwa miwani na mrija, hufundishwa kurusha ndoano, kufua nazi, kupiga ngoma na kutwanga ndizi za huduti, chakula chetu cha ndizi na mchuzi wa samaki, kisha hutupwa kwenye bembea za nyavu wawasubiri wenzao watoke chini na hadithi. Ijumaa wote huwa wa njano, kwa sababu aliyezama hatakiwi kupanda ndege kesho yake. Sisi wafanyakazi tuliuita upande wa njano chekechea.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, mwongozaji mwenzake aliugua, naye Sebi akazama siku tatu mfululizo akiwa na mafua. Siku ya tatu kiwambo cha sikio la kulia kilipasuka, na kitu kingine ndani zaidi kikaharibika pamoja nacho. Daktari wa mjini akamwambia asizame tena, hata mita mbili. Sikio la kushoto, akasema, nalo limechakaa kwa kelele za mashine ya kujazia mitungi, ajiandae.

Bosi wetu, Miss Verlene, si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningekuwa na pa kumtupia lawama. Alimwita Sebi ofisini, akamfungulia soda, akamwambia jina lake litahamia upande wa njano.

Sebi akaja jikoni amenywea.

"Dada, wamenipeleka chekechea."

"Afadhali chekechea kuliko Hopkins," nikamwambia. "Kaa hapo unimenyee ndizi, mwalimu."

Akacheka. Wakati huo alikuwa bado anasikia kidogo kwa kushoto.

Wiki ya Pasaka nilimwita chakula mara tatu akiwa amenipa mgongo. Mara ya nne nilipiga sufuria kwa mwiko, na kuku wa kisiwa kizima wakatawanyika. Sebi akaendelea kufunga kamba ya boti. Nikaenda nikamgusa bega, naye akaniangalia mdomo badala ya macho. Nikaelewa.

"Tangu lini?"

"Jumapili ya juzi." Sauti yake ilikuwa kubwa mno, nikamziba mdomo. Akanong'ona: "Dada, usimwambie Miss Verlene. Akijua tu, Jumamosi niko kwenye boti ya kurudi."

"Na asipojua? Utafanyaje kazi?"

"Wewe utanisikilizia. Kule nyumbani mimi ni nani, dada? Nikakae barazani kwa Zoila nihesabu kuku?"

Zoila ni binti yake. Nikamwangalia mtu huyu niliyembeba mgongoni mama alipokuwa akienda kuuza mkate wa muhogo, mtu ambaye kwenye maisha yake aliwahi kuweza kitu kimoja na kitu hicho kimechukuliwa. Alikuwa anaomba abaki kwenye chekechea tu. Nikakubali. Ningekataaje?

Basi tukawa na lugha yetu. Chini ya maji hakuna anayesikia, kwa hiyo wazamiaji wana maneno ya mikono, na Sebi akanifundisha. Mgeni akimwuliza kitu mezani, mimi nilisimama nyuma ya mgeni na sinia, nikamwonyesha kwa vidole: papa, mvua, saa ngapi, ndiyo, hapana. Bahati nzuri wasiozamia huuliza maswali yaleyale matano. Kuna papa? Wanauma? Umekaa hapa miaka mingapi? Alikuwa na majibu matano na aliyatoa kwa tabasamu zuri. Siku moja nilikwenda kuangalia mkate, bwana mmoja akamwuliza choo kiko wapi, na Sebi akamjibu, "Hawaumi, usiwaogope, ila usiwashike mkia." Bwana yule alizunguka kisiwa mara mbili kabla ya kunijia na shida yake.

Hata ngoma aliiweza. Kwetu mpiga ngoma ndogo humfuata mchezaji, si mchezaji kumfuata yeye, na anayejua huangalia miguu. Sebi aliiangalia miguu ya wageni, miguu mibaya isiyo na mdundo, na mikono yake ikaifuata hivyohivyo ilivyokuwa. Miss Verlene alipiga makofi. Nahodha wetu, Alrick, ambaye mdomo wake haujui kufungwa, akasema, "Sebi, tangu uache kuzama umekuwa msikivu!" Mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Miezi saba tulienda hivyo, na ninaomba nieleweke: sikuwa na raha hata siku moja. Kila kayaki zikitoka nilikuwa nikichungulia dirishani mpaka zirudi. Nilimwambia, ukiwa majini geuka nyuma kila mara, uangalie kambi. Akasema anageuka. Na kweli alikuwa akigeuka, lakini kwa mtindo wa mzamiaji: anahesabu vichwa vya watu wake, kisha anatazama chini. Miaka ishirini na sita kila alichohitaji kukijua kilikuwa chini.

Jumatano moja ya Novemba aliondoka asubuhi na wasiozamia wanne kwenda kwenye matumbawe ya ndani, mwendo wa nusu saa kwa kasia. Mmoja wao alikuwa Margit, mwalimu mstaafu, mcheshi, ambaye mume wake alikuwa ukutani na wazamiaji. Kabla ya kuondoka aliniletea kitambaa chake cha kichwa nimshikie. Saa nne na nusu mbingu ya kaskazini ikageuka rangi ya risasi. Upepo ule tunaujua, haupigi hodi. Miss Verlene akatoka na honi, akapiga mara tatu mirefu, ishara ya kila mtu kurudi. Wavuvi wawili waliokuwa mbali zaidi ya Sebi wakainua nanga palepale.

Miss Verlene akapita dirishani kwangu.

"Nimepiga, Basi. Sebi atawaleta sasa hivi."

Nilikuwa nikitwanga ndizi. Nikasema, "Ndiyo, Miss."

Hapo ndipo nilipo mpaka leo. Nilikuwa naziona zile kayaki, madoa manne na moja la njano la Sebi, zimetulia mahali pamoja, na nilijua kwamba hakuna honi duniani ya kumfikia. Ningeweza kusema neno moja. Nikajiambia atageuka. Atahisi baridi mgongoni, atageuka tu. Nikatwanga ndizi nyingine. Nikachungulia. Nikatwanga tena. Nikamwomba marehemu mama, nikamwomba Isolina, wamguse Sebi bega. Ndizi nne nilizitwanga nikisubiri, na huduti yenyewe siku hiyo hakuna aliyeila.

Upepo ulipoangusha ubao wa shughuli nikatupa mchi, nikakimbilia gatini.

"Miss Verlene, hasikii! Tuma boti, Sebi hasikii!"

"Honi haikumfikia?"

"Hasikii kitu! Ni kiziwi, Miss. Tangu Pasaka."

Alinitazama kwa muda mfupi sana, na ningeomba nisitazamwe hivyo tena. Kisha akamwita Alrick.

Boti ilipofika, mawimbi yalikuwa yameshazisukuma kayaki kwenye mwamba wa nje. Sebi alikuwa ameshawatoa watatu, amewapandisha juu ya matumbawe yaliyo juu ya maji, na alikuwa ndani ya maji aliyokatazwa, anamtafuta wa nne. Alrick anasema alizama mara tatu na sikio lile, kwa pumzi yake mwenyewe, na mara ya tatu akatoka na Margit mikononi. Mguu wa bibi huyo ulikuwa umevunjika pawili na matumbawe yamemchana kuanzia nyonga mpaka kifundo. Hakufa. Alipelekwa na helikopta, na barua iliyokuja mwezi wa Machi ilisema anatembelea kigari na madaktari hawaahidi zaidi ya hapo. Boti ingeondoka mapema kwa dakika kumi tu, ingewakuta bado wamekaa kwenye kayaki zao. Hilo halikuwa kwenye barua. Hilo nalijua mimi.

Jioni hiyo Miss Verlene alituita ofisini mimi na Sebi. Damu ilikuwa imemkauka Sebi shingoni chini ya sikio. Miss Verlene hakupiga kelele, angepiga kwa faida ya nani? Alichukua karatasi akaandika, akamsukumia. Nilikuwa nimesimama pembeni nikaisoma: *Dada yako ameniambia husikii. Utaondoka Jumamosi. Nasikitika sana, Sebi.*

Sebi aliisoma polepole. Akainua kichwa akaniangalia. Nikainua mikono nimweleze, lakini mikono yangu ilijua papa, mvua, ndiyo na hapana, haikujua neno hata moja la jambo hili. Ile ndiyo mara ya mwisho mdogo wangu kuniangalia.

"Na wewe ulijua," Miss Verlene akaniambia.

"Mimi ndiye niliyekuwa masikio yake, Miss. Nifukuze."

"Nitapata wapi mpishi mwezi wa Novemba?" akasema, akafunga daftari lake. Wiki iliyofuata akanipandisha na cheo: jina langu likaandikwa upande wa njano, mimi nisiyejua kuogelea. Kayaki walimpa mtu mwingine. Mimi nafundisha huduti na kueleza habari za zamani, na wasiozamia wananiuliza kama kuna papa.

Jumamosi ile Sebi alipanda boti akakaa mbele kabisa, uso ukielekea Hopkins. Nilisimama gatini nikaita. Nahodha alisikia, wageni walisikia, wakageuka wote kumtazama yeye. Kumwita kiziwi aliyekupa mgongo ni kazi bure, nilijua hivyo, na bado niliita mpaka boti ikatoka kwenye mlango wa miamba.

Nilipata likizo mwezi wa Aprili. Nilinunua mkate wa muhogo mzito ule anaoupenda na chupa ya asali, nikaenda moja kwa moja kwa Zoila. Alikuwa barazani. Amenenepa uso, viatu vimepishana, cha kulia mguu wa kushoto. Zoila akaniambia hatoki, haendi pwani, hata akiogeshwa analalamika maji.

"Baba," Zoila akamgusa goti, "shangazi amekuja."

Sebi akageuka, akaona sketi yangu, akafumba macho.

Nilidhani ni jua. Nikahamia kivulini. Akaendelea kufumba. Nikamshika mikono, mikono ikalegea kwenye yangu kama ya mtu aliyelala, na macho yamefungwa kwa nguvu hadi kope zinatetemeka. Mtu asiyesikia akikufumbia macho, huna mlango mwingine wa kumfikia. Nikapiga magoti mbele yake, mwanamke wa miaka sitini na tatu, na nikasema yote kwa sauti, sijui kwa nini kwa sauti. Kwamba nilimsaliti, ndiyo. Kwamba kabla ya kumsaliti nilisubiri, ndizi nne, kwa ajili yake, ili abaki, na kwa kusubiri huko nimemvunja mtu mguu. Kwamba ningesema mapema bibi yule angetembea, na nisingesema kabisa wangekufa, na kwamba sikupata saa nzuri ya kusema, haikuwepo. Kwamba anisamehe, au anitukane, chochote, ila afumbue macho.

Zoila alikuwa analia. Majirani walikuwa wametoka, jirani wa tatu amezima redio yake ili asikie vizuri. Hopkins nzima ilinisikia siku hiyo.