Miche ya Tomati Kando ya Mto

Jana nilimsaidia jirani kupunguza majani ya tomati, na harufu yake kali ikabaki kwenye vidole vyangu.

Zamani, kila kiangazi, tulilima pale mto ulipopungua maji. Baba alipanda miche, mama akamwagilia huku mtoto amelala mgongoni, nami nilifunika kila mche kwa ganda la mgomba, usiunguzwe na jua. Mwaka ule tulikuwa tumetoka tu kupanda risasi zilipolia mlimani, tukakimbilia kwa shangazi.

Kesho yake baba alichukua bidoni, dumu letu la maji.

“Mama batoto, ile miche haiyashika bado. Bila maji leo, itakufa.”

“Iache ikufe. We ni bwana ya tomati ao bwana yangu?”

Baba alicheka. “Niko bwana ya bote. Namwanga maji, narudia.”

Siku chache baadaye, kulipotulia, mama alinishika mkono tukaenda kumtafuta. Mistari aliyowahi kuimwagilia, karibu na mto, ilisimama kijani. Mingine yote ilikuwa imekauka chini ya maganda. Baba hatukumwona, siku ile wala baadaye.

Sasa mama analima mchicha wa lengalenga tu. Mbegu zake zinaanguka na kuota zenyewe, bila mtu kuzirudia.