Gunia la Majaribio

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa masika, katika mtaa wa Yoba hapa Gitega, miaka kadhaa baada ya sisi kurudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Siku hiyo nilimwangusha ndugu yangu huku nikidhani namwinua.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Wazazi wetu walifia kambini, nikaacha shule darasa la tatu ili nilee wadogo zangu. Silalamiki, dada mkubwa ni mama. Tuliporudi kwetu Mwakiro, kule Muyinga, mimi nikashika jembe na mdogo wangu Jeneroza akashika kalamu. Akasoma mpaka akahitimu, akapanga nyumba yenye ua Yoba, akaanza kazi ambayo majirani waliicheka: kutengeneza karatasi kwa mashina ya migomba. Walipopita walimuuliza kama leo anapika ndizi au anapika daftari.

Alikatakata mashina, akayachemsha kwa maji ya majivu, akayasuuza, akayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa kama uji. Uji ule akautandaza juu ya chekeche, ukakauka ukawa karatasi. Mimi naeleza kwa pumzi moja. Yeye ilimchukua miaka miwili. Karatasi moja ilikatika ukiikunja, nyingine ilikunywa wino kama mchanga, nyingine iliota ukungu. Mwishowe, wakati wa kiangazi, akapata nzuri, inayokunjika kama kitambaa. Mtu mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa madaftari akaiona, akasema atakuja Jumatatu. Jeneroza akiitengeneza ileile mara tatu mbele ya macho yake, atamjengea karakana.

Nikaja kutoka Mwakiro na maharage yangu, nimsaidie usafi kabla mgeni hajafika. Jumamosi asubuhi yeye akatoka kutafuta migomba, mimi nikabaki na ufagio. Nyuma ya mlango nikakuta gunia lililoandikwa kwa mkaa. Nikasoma herufi moja moja, kama asomavyo mtu wa darasa la tatu: M, A, J, A, R, I, B. Sikufika mwisho. Nilishajua: majaribu.

Usinicheke kwanza, mwanangu. Siku yetu ya mwisho kambini, mchungaji alituambia kila mmoja aandike majaribu yake kwenye karatasi, tuyachome, tusirudi nayo nyumbani. Jeneroza ndiye aliyeniandikia yangu. Tulitazama yakigeuka majivu, tukalia, kisha tukapanda lori tukiwa wepesi.

Basi nikalifungua gunia. Ndani mlikuwa na karatasi mbovu, zenye madoa, na kwenye kila moja mwandiko wa mdogo wangu, kwa Kiswahili chetu cha shule ya kambini: "Imekatika." "Imeoza." "Imeshindwa tena." Moyo uliniuma. Nikasema, kumbe mtoto huyu amebeba huzuni zote hizi peke yake. Nikalipeleka gunia uani, nikapiga magoti, nikaomba, nikachoma.

Aliporudi alikuta majivu. Aliketi pale pale kwenye udongo, na mzigo wake wa migomba mapajani, akaniuliza polepole kama nilisoma mpaka mwisho.

"Majaribio, Dada," akasema. "Si majaribu. Zile zilizokatika ndizo zilizokuwa zinanionyesha njia."

Nyuma ya kila karatasi alikuwa ameandika ni majivu ya nini, moto wa muda gani, mgomba wa aina gani. Ile nzuri ilikuwa ya kiangazi. Masika shina hujaa maji, na mambo yote hubadilika. Aliyojifunza kuhusu mvua yalikuwa ndani ya lile gunia.

Jumatatu mgeni akaja. Karatasi ya kwanza ikakatika mkononi mwake. Ya pili ikakatika. Ya tatu hakuisubiri. Alishukuru kwa heshima, akaenda zake.

Jioni akaja jirani, Mzee Rajabu, fundi wa kujalidi vitabu, kutupa pole kama watu waliofiwa. Nikamwambia nilikuwa na nia njema.

"Hata mbuzi akila barua hana nia mbaya, mama," akanijibu. "Mi ni fundi. Kazi ikiharibika siichomi mpaka niiulize iliharibika namna gani. We uliona iko aibu, kumbe ni masomo yake."

Nilitamani anitukane. Lingekuwa jambo jepesi zaidi.

Jeneroza alirudi Muyinga akafundisha watoto. Kinu tukatwangia muhogo. Mara nyingi nimemwomba aanze tena, nikamwambia nitatwanga mimi, naye hutabasamu na kusema, "Tutaona, Dada." Hiyo tutaona haijafika mpaka leo. Hajanilaumu hata siku moja, na kila sikukuu huniletea sukari. Naipokea kwa mikono miwili, nikiona haya.

Mwanangu, wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Basi usimfutie mtu alama za alipojikwaa, maana ndizo ramani yake. Na zako usizifiche. Ziandike, uzitunze pamoja na za ulipofaulu. Ukitaka kumsaidia umpendaye, muulize kwanza, hata kama umemlea kwa mkono wako, hasa kama umemlea kwa mkono wako. Upendo usiouliza huvunja vyombo vya mwenyewe. Na neno, mwanangu, lisome mpaka herufi ya mwisho.

Mungu akupe kazi ya kuipenda na subira ya kuikosea mara nyingi. Akuzungushie ndugu wenye masikio, na siku utakapowaumiza bila kujua, akupe muda wa kutengeneza. Mimi huo muda bado nauomba.