Binti yangu analala sebuleni, na shemeji anataka nimpigie magoti

Admin, niwekee hii ila jina langu ubaki nalo wewe, maana kanisani kwetu wengi wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Morogoro, naishi Brussels na mume wangu, Mkongo wa Lubumbashi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Laeken. Tuna mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, na ana selimundu. Wenye watoto wa aina hii wanajua: kwao baridi si baridi tu. Ikimwingia, maumivu yanamshika miguu, mikono, mgongo, mpaka anang'ata shuka.

Miaka yote tulipanga fleti yenye unyevu, ukuta wa chumba cha mtoto unaota ukungu mweusi, ukifuta leo kesho umerudi. Ndiyo maana tulipopata kiwanja Ganshoren, hapa hapa Brussels, tukasema tunajenga. Hakuna kati yetu aliyewahi kumiliki hata banda. Jambo la kwanza nililomwambia msanifu wa nyumba ni chumba cha binti yangu: kiwe chini, upande wa kusini ambako jua la huku, hata likiwa la kinyonge, linaingia, na mabomba ya maji ya moto yapite chini ya sakafu yake. Rangi alichagua mwenyewe. Njano.

Kuta zilipoanza kusimama, mama yangu akaugua, nikaenda Morogoro. Nilimuuguza mpaka akafariki, nikamzika. Niliporudi nyumba imeshaezekwa. Nikaingia kutafuta chumba cha mwanangu, nikakuta hakipo. Kimemezwa na sebule. Nikamuuliza mume wangu mtoto atalala wapi, akanionyesha ngazi. Juu ya gereji palikuwa na stoo ya kuwekea masanduku. Haikujengwa kuzuia baridi kama vyumba vingine, na bomba la moto halifiki kule. Wameipaka njano.

Aliyeamua hayo ni kaka yake mkubwa, wao wanamwita grand. Alisema mtu wa heshima lazima awe na sebule ya kupokea ukoo na wageni wa maombi. Nikampigia simu msanifu nikiwa nimefura. Akashangaa. Akasema mume wangu alimhakikishia kwamba nimekubali, ila niko msibani, nisisumbuliwe. Jamani! Mimi namfukia mama yangu, mwenzangu anautumia msiba wangu kunisemea kitu nisichokijua.

Nilipomkabili shemeji, alicheka kidogo. "Bon, maman, nyumba haiko ya mutoto mumoja, iko ya famille. Mutoto atavala pull, ile sweta, atazoea."

Nilitaka nigome kuhamia, lakini fleti tulishairudisha kwa mwenyewe. Tukaingia. Nikamwekea mtoto hita ya umeme na mablanketi, ila kila gereji ilipofunguliwa, sakafu ya chumba chake ilikuwa kama barafu.

Januari, asubuhi moja, nilipanda kumwamsha aende shule. Nikamwambia avae, akasema, "Mama, vidole havikunjiki." Vilikuwa vimevimba. Alipojaribu kusimama akapiga kelele ambayo sitaki kuielezea hapa.

Hospitali, daktari alipomaliza kumpa dawa ya maumivu aliuliza mtoto huyu analala wapi. Nikamgeukia mume wangu, ajibu yeye. Akaanza kukunja koti la mtoto. Shemeji naye akaja na machungwa, akaomba kwa sauti wodi nzima isikie, akamaliza kwa kuitaja selimundu kwa jina wanaloiita kwao: "Hii SS iko mu damu, haiko mu chumba."

Tuliporuhusiwa, nikamwita mwenzangu wa kazini, mama wa Kirundi mwenye nguvu zake. Tukayaburuta yale makochi ya ngozi ambayo shemeji aliyachagua mwenyewe, tukayatupa gereji. Kitanda cha binti yangu tukakiweka katikati ya sebule, juu ya mabomba ya moto. Sasa analala mpaka anakoroma.

Ukoo umewaka. Wanasema kumtolea grand makochi yake ni kumfukuza kwenye nyumba ya mdogo wake. Wamekaa kikao bila mimi, wakaamua Jumapili watakuja, nimpigie magoti na makochi yarudi. Mume wangu ananibembeleza: "Chérie, grand ndiye alinilea. Omba pardon tu, chumba tutatengeneza mu été."

Nikamuuliza, mpaka hiyo été, hayo majira ya joto, yafike, mtoto arudi wapi? Akachukua funguo za gari, akatoka. Kutoka kule kumeniuma kuliko maneno ya kaka yake.

Na si kwamba hampendi mwanae. Pale hospitali alimkanda miguu huku machozi yanamtiririka, manesi wakampa kiti. Ila akimwona kaka yake anakuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Na nyumba imeandikwa kwa majina yetu wote wawili, siwezi kuibeba mgongoni niondoke nayo.

Ndugu zangu, kuhusu kitanda sihitaji ushauri. Hakitoki pale. Ushauri nautaka kuhusu huyu mwanaume, anayelia mtoto akiumwa lakini hawezi kumwambia kaka yake hapana. Nitaishi naye vipi? Na Jumapili wakigonga mlango, niwafungulie au nisiwafungulie?