Karata Tatu Kilabuni Pito

Harufu ya pombe ya ulezi hunikosesha raha mpaka leo. Nikiisikia tu, narudi Pito, enzi za Mwingereza, mvua za kwanza zikinukia nyuma ya vilima na upepo wa Ufipa ukitukata masikio. Mwaka huo maksai wetu mmoja alikufa. Aliyebaki hakuweza kukokota plau peke yake, na tulijua mwanamume asiyelima anaishia wapi. Lori la manamba lilikuwa likipita kubeba watu kwenda mashamba ya mkonge, na wengi hawakurudi.

Mama alinituma kilabuni nikamwite baba kabla hajafanya ujinga. Nilikuta ameshaufanya. Alikuwa ameketi na Mzee Kalolo, rika la marehemu babu, wakicheza karata tatu. Kila mtu huziona zake peke yake, mnapandishiana dau, na anayeogopa huziweka chini akapoteza yote. Baba alikuwa ameweka maksai wetu, mzee ameweka wake. Ndipo mzee akaongeza mtamba. Baba ilimpasa ajibu kwa ulezi wote wa ghalani, au aache.  

Baba alitakiwa kuinua macho tu, jamani. Mimi mtoto nilimkodolea mzee bila haya. Kiko chake kilikuwa kimezimika, naye anaendelea kukivuta. Koromeo linapanda na kushuka kama la mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mwenye karata nzuri hahangaiki hivyo. Lakini kwetu mtu mzima hakaziwi macho. Unainama, unapiga makofi taratibu kwa heshima, unasubiri. Baba akatazama magoti yake, akayatazama weee, kisha akaweka karata chini. Alikuwa na wafalme wawili! Mzee akashusha pumzi, akafunua zake: mbili, tano na saba. Takataka tupu.

Nyumbani mama alimuuliza kama alikuwa kipofu.

“Ningemtazamaje usoni mtu mzima?” baba akajibu.

“Haya, kalime na adabu yako,” mama akasema, akaingia ndani.

Baba alipanda lori kabla majirani hawajamaliza kupanda mahindi. Hatukumwona tena.

Sasa naishi Malangali, ni bibi wa watu. Wajukuu wangu hunikazia macho nikizungumza nao, hata nikiwagombeza. Majirani wanasema nimewalea ovyo, kwamba zamani mtoto angechapwa kwa jicho kama hilo. Ni kweli, angechapwa. Mimi nawaacha watazame.