Mwenye Kupakua

Wiki iliyopita mwanafunzi alinisimamisha mlangoni mwa darasa akaniuliza neno uchumi lilitoka wapi. Nafundisha somo hilo hapa Mwanza, kwa hiyo nilimjibu bila kufikiri sana. La kwetu, nikamwambia, limetokana na kuchuma, kama mtu achumavyo mboga au achumavyo faida. La Wazungu limetoka kwa Wayunani wa kale, na kwao lilikuwa na maana ya kuitunza nyumba: nani apate nini, na kesho mtakula nini. Akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika chaki, wivu wa utotoni umenipanda upya.

Kama nawe ulilelewa na bibi, utanielewa. Bibi yangu alikaa Ilemela, juu kwenye majabali, na bustani yake ilikuwa vijipande vya udongo katikati ya mawe. Mchumaji wake nilikuwa mimi. Asubuhi, kabla mawe hayajapata moto, nilikuwa nimeshainama kwenye matembele, miguu imelowa umande, harufu ya dagaa walioanikwa ikipanda kutoka ziwani. "Mchumia juani hulia kivulini," bibi alinitania kila niliporudi na ungo uliojaa. Nami niliamini kivuli chenyewe ni upawa. Pale kwetu mwenye kupakua ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na bibi hakumwachia mtu kazi hiyo. Siku akichoka, nilijua, atanipa mimi. Angempa nani mwingine?

Basi mjomba akaoa. Mkaza mjomba alitoka Bukoba, mrefu, mpole, hajui hata bustani iko upande gani. Haukupita muda bibi akamkabidhi upawa, tena mbele ya macho yangu. Nilimchukia, nakwambia. Nilikuwa nakaa jikoni nikiomba akosee.

Siku moja nikadhani nimejibiwa. Sato alikuwa mmoja, ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, umesongwa wa watu wa nyumbani tu, mara jirani akabisha hodi na watoto wake. "Karibuni!" bibi akaitikia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nikamkazia macho yule bibi harusi. Hakushtuka. Aliongeza maji kwenye mchuzi, akatia matembele yaliyokuwa yamewekwa ya kesho, akamkata samaki upya, kichwa akampa jirani. Watu wakala wakashiba. Nilitafuta pa kulalamikia nikapakosa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikasoma. Nadhani nilisoma ili nimshinde. Niliporudi na shahada yangu ya uchumi nilimkuta bibi kalala, mwili umekwisha, ndugu wamejaa sebuleni wakibishana wageni walioingia kutoka Misungwi walale wapi, wapikiwe nini. Bibi akafumbua macho. "Mwiteni mwenye nyumba," akasema.

Nikasimama. "Nipo, bibi."

Akanishika mkono, akanitazama kwa upendo wote aliokuwa nao. "Wewe kaa tu, mjukuu wangu," akaniambia. "Namtaka mkaza mjomba wako."

Leo yale majabali yamepasuliwa kokoto, na pale palipokuwa na bustani pamejengwa nyumba ya wageni yenye vioo vya bluu. Nyumbani kwangu kila mtu anakula kwa saa yake. Anafungua friji, anapasha, anaingia chumbani na sahani yake. Hakuna anayemngoja mwenzake, wala hakuna cha kugawa. Mkaza mjomba amezeeka sasa, anakaa Misungwi, na nyumba yake haikauki watu. Jumapili huwa naenda kumsalimia. Nikimwambia shikamoo anaitikia huku tayari anatafuta sahani. Ananipakulia, ananitazama nikila, kisha ananiongeza kabla sijaomba, na kila mara hupatia kiasi. Namwonea wivu hata nikiwa nimeshiba.